Maliasili, Mazingira, Maumbile: Lugha ya Kiswahili mbele ya Maonyesho ya Sanaa ya Kisasa

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya Kiswahili, neno maonyesho limezoeleka zaidi likiwa sehemu ya istilahi "sanaa za maonyesho", yaani sanaa ya jukwaani ambayo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliijadili kwa mapana katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976. Mpangilio wa maneno hayo ukigeuzwa, hupatikana jambo jingine. Maonyesho ya sanaa ni picha, sanamu na kazi nyinginezo zilizowekwa ukumbini ili watu wapite na kuzitazama. Kwa muda mrefu mipaka ya mambo hayo mawili ilikuwa bayana: jukwaani mna mtendaji na hadhira, ukumbini mna kitu na mtazamaji.

Tangu miaka ya 1960 mipaka hiyo imekuwa ikififia. Wasanii wengi wameacha kutundika picha ukutani na badala yake wamekuwa wakijenga kazi inayojaza chumba kizima, uwanja au shamba, hata mtazamaji akajikuta yumo ndani yake. Sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo inahusu jambo moja: uhusiano wa binadamu na ulimwengu asioutengeneza yeye, yaani ardhi, mimea, maji, hewa na wanyama.

Mhadhara huu unachunguza baadhi ya kazi hizo kwa kutumia nyenzo iliyo karibu zaidi na mwanafunzi wa Kiswahili, nayo ni msamiati. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina jina moja la ulimwengu huo. Kinayo majina matatu yanayotumika sana, na kila jina linabeba uhusiano wake. Majina hayo ni maliasili, mazingira na maumbile. Anayeyatofautisha vema anapata njia ya kuyahakiki maonyesho haya bila kuazima istilahi za wengine. Tena anagundua kuwa kuna jambo ambalo lugha yenyewe imo hatarini kulipoteza.

2.0 Majina matatu na vitenzi vyake

Neno maliasili limeundwa kwa maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, mali na asili. Ndilo lililomo katika jina la Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania. Umbo lake linatangaza maana yake: misitu, madini na wanyamapori ni mali, na mali haikosi mwenyewe. Vitenzi vinavyoandamana nalo ni vuna, chimba, miliki na hata iba.

Neno mazingira linatokana na kitenzi zingira, chenye uhusiano na zinga. Jeshi huzingira mji. Maji huzingira kisiwa. Hivyo mazingira ni vile vinavyomzunguka mtu. Katika sheria na sera neno hili limeshika nafasi ya mbele, kama inavyoonekana katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004. Vitenzi vyake ni tunza, hifadhi, chafua na haribu. Hapa mtu si mmiliki tena bali mlezi au mharibifu. Hata hivyo, picha iliyomo ndani ya neno haijambadilishia mahali: yeye yuko katikati, na vitu vingine vyote viko pembezoni mwake.

Neno maumbile linatokana na kitenzi umba. Katika lugha kadhaa za Kibantu, mzizi unaolingana na huu hutumika kwa kazi ya kufinyanga udongo. Katika Kiswahili, mzizi huohuo umezaa umbo, umbile na kiumbe. Mlima una maumbile yake, na mwanadamu naye ana maumbile yake. Samaki ni kiumbe, na mvuvi ni kiumbe. Jambo la kuzingatia ni kwamba maumbile hayavunwi wala hayachafuliwi. Kiumbe huzaliwa nayo. Kati ya maneno haya matatu, hili pekee halimtengi binadamu na vinginevyo.

Ni kweli kwamba wazungumzaji huyachanganya maneno haya mara kwa mara, na hakuna ubaya. Lakini yanapopelekwa mbele ya kazi za sanaa, tofauti zake hujitokeza.

3.0 Shamba na kiwanja

Mwaka 1982 msanii Agnes Denes, aliyezaliwa Budapest mwaka 1931 na kufanya kazi nchini Marekani, alipanda ngano katikati ya jiji la New York. Mahali penyewe palikuwa ufukweni kusini mwa Manhattan, juu ya kifusi kilichotokana na uchimbaji wa misingi ya jengo la World Trade Center, si mbali na mtaa wa Wall Street. Malori 200 ya udongo yaliletwa. Mifereji 285 ilichimbwa kwa mikono, na mawe na taka vikaondolewa. Shamba lilikuwa la ekari mbili. Lilipandwa mwezi Mei, likapaliliwa, likamwagiliwa, na tarehe 16 Agosti likavunwa zaidi ya ratili 1,000 za ngano, yaani zaidi ya kilo 450. Kazi hiyo iliitwa Wheatfield – A Confrontation, yaani "Shamba la Ngano: Makabiliano".

Makabiliano hayo yalikuwa ya nini na nini? Denes mwenyewe alieleza kwamba ardhi ile ilikuwa na thamani ya dola bilioni 4.5. Ukilinganisha kiasi hicho na kilo 450 za nafaka, hesabu haisimami kabisa. Hakuna mkulima ambaye angelima pale kwa faida, na hakuna tajiri ambaye angekubali ardhi ile ibaki shamba. Hapo ndipo kazi inapopata nguvu zake. Kiswahili kina jozi ya maneno inayolieleza jambo hili kwa wepesi: shamba na kiwanja. Udongo ni uleule na mipaka ni ileile, lakini ukiitwa shamba thamani yake ni kile kinachoota, na ukiitwa kiwanja thamani yake ni kile kitakachojengwa juu yake. Mkazi wa Dar es Salaam au wa viunga vya Nairobi hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, kwa kuwa ameshuhudia mashamba ya wazee yakipimwa, yakiwekewa mawe ya mipaka na kuuzwa kwa futi. Denes aliirudisha safari hiyo nyuma kwa miezi minne: alikichukua kiwanja akakifanya shamba.

Kazi hii basi inazungumza kwa lugha ya maliasili. Haikani kuwa ardhi ni mali. Inauliza ni mali ya namna gani, na ni nani anayeipima. Nafaka iliyovunwa ilisafirishwa baadaye katika miji 28 ya dunia ndani ya maonyesho yaliyohusu kukomesha njaa, na watu wakachukua mbegu wakazipande. Shamba lenyewe halikudumu, kwani eneo lile leo ni mtaa wa maghorofa. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipandwa upya katika jiji la Milan, nchini Italia, ishara kwamba swali lake halijajibiwa.

4.0 Mtu katikati ya mazingira

4.1 Miti ya Kassel na miti ya Kamukunji

Mwaka huohuo wa 1982, katika maonyesho makubwa yaitwayo documenta mjini Kassel, Ujerumani, Joseph Beuys alimwaga nguzo 7,000 za mawe ya basalti mbele ya jumba la makumbusho la Fridericianum. Sharti lilikuwa moja: jiwe lisiondolewe pale isipokuwa kwa kwenda kusimikwa kando ya mti mpya uliopandwa mjini. Rundo lile lililowakera wakazi lisingeweza kupungua mpaka wapande miti. Beuys alipanda mti wa kwanza mwezi Machi 1982. Alifariki mwezi Januari 1986 kabla kazi haijakwisha, na mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuisoma habari hii bila kumkumbuka Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, miaka mitano kabla ya Kassel, miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt lililopanda mamilioni ya miti na kumfikisha Maathai kwenye Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004. Maathai hakuhesabiwa kuwa msanii, wala hakudai kuwa hivyo. Basi ni kipi kinachoifanya miti ya Kassel iwe sanaa na miti ya Kamukunji iwe kampeni? Jibu la haraka ni kwamba mmoja alikuwa msanii maarufu na mwingine hakuwa. Jibu hilo halitoshi.

Jibu la kina zaidi limo katika jiwe. Mti unapopandwa, jiwe huutawala mche. Baada ya miaka kadhaa mti na jiwe hulingana, kisha mti hulipita jiwe, na hatimaye jiwe huonekana dogo chini ya kivuli. Jiwe halina faida yoyote kwa mti. Kazi yake ni kumpimia binadamu muda, ili apitapo aone kwamba kitu kimoja kati ya hivyo viwili kiko hai. Kampeni hutaka mti umee. Sanaa inataka vilevile mtu auone mti ukimea. Zote mbili zinasema lugha ya mazingira, maana zote zinamhimiza mtu atunze kile kinachomzunguka. Idadi ya miti ikiwa ndiyo kipimo, basi Maathai alimwacha Beuys mbali sana.

4.2 Jua ndani ya ukumbi

Picha ya mtu aliyezungukwa ilifikia kilele chake mjini London, katika ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern, kuanzia Oktoba 2003 hadi Machi 2004. Jumba hilo lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme kwa kuchoma mafuta, na ukumbi wenyewe ndimo yalimokuwamo mashine za kufulia umeme. Humo Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, alitengeneza jua. Kazi iliitwa The Weather Project, yaani "Mradi wa Hali ya Hewa".

Jua lile lilikuwa nusu duara iliyowekwa taa zipatazo 200 zenye mwanga wa rangi moja ya manjano, mwanga ambao hufuta rangi nyingine zote hata watu na nguo zao wakaonekana kwa manjano na weusi tu. Dari yote ilifunikwa kioo, na hicho ndicho kilichoikamilisha nusu duara ikawa duara zima. Ukungu mwepesi ulipulizwa ukumbini. Zaidi ya watu milioni mbili walifika. Wengi walilala chali sakafuni wakijitazama kwenye kioo cha juu, wengine wakijipanga kwa makundi ili miili yao ichore herufi na maumbo.

Tendo hilo la kulala chali lafaa kutafakariwa. Watu waliingia kutazama jua, wakaishia kujitazama wenyewe. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu ukumbi uliruhusu mtu kuona taa, nyaya na jinsi kioo kilivyotundikwa. Kazi hii iliidhihirisha fikra iliyofichika katika neno mazingira: anayezungukwa huona vyote kama vimewekwa kwa ajili yake.

4.3 Barafu iliyozingirwa

Yaonekana Eliasson mwenyewe aliuona upungufu huo. Akishirikiana na mwanajiolojia Minik Rosing, alitengeneza kazi iliyogeuza mpangilio, iitwayo Ice Watch, nayo ilionyeshwa Copenhagen mwaka 2014, Paris mwezi Desemba 2015 wakati wa mkutano wa kimataifa wa tabianchi, na London mwaka 2018. Mapande ya barafu yaliyokwisha kumeguka na kuelea baharini yaliopolewa kutoka ghuba moja ya Greenland na kuletwa mjini. Katika uwanja wa Panthéon, Paris, mapande 12 yenye uzito wa tani zipatazo 80 yalipangwa kwa duara kama saa, yakaachwa yayeyuke.

Safari hii kilichozingirwa kilikuwa barafu. Watu waliizunguka, wakaigusa, wakaitegea masikio wasikie viputo vya hewa ya kale vikipasuka. Hapa pia ndipo swali gumu linapozuka. Barafu haikutembea yenyewe kutoka Greenland. Iliwekwa katika makontena ya baridi, ikasafirishwa kwa meli na malori, na hewa ukaa ikatolewa njiani. Waandaaji waliagiza hesabu ya hewa hiyo ifanywe na kuchapishwa, jambo la uungwana, lakini hesabu haiondoi ubishi. Je, ni halali kuiongezea dunia joto, hata kidogo, ili watu wafundishwe kuwa dunia inapata joto?

Wanaotetea kazi hii husema kuwa mkono uliogusa barafu hausahau kama linavyosahau jicho lililosoma takwimu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba takwimu nyingine zinaonekana kwa macho bila meli wala kontena. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu juu ya Mlima Kilimanjaro ilitoweka. Mkazi wa Moshi aliyeishi miaka mingi ameyashuhudia maonyesho hayo akiwa mlangoni kwake, wala hakuna msanii aliyeyaandaa.

5.0 Nguva: mtu ndani ya maumbile

Mwezi Oktoba 2014 yalifunguliwa mjini London maonyesho ya Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na ambaye hufanya kazi Nairobi na New York. Ukumbi ulikuwa wa Victoria Miro. Jina la maonyesho lilikuwa la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Kuchagua jina hilo mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawaijui lugha hakukuwa pambo, kwa maana neno nguva lina jambo ambalo Kiingereza kimelitenga katika maneno mawili.

Mpwani anapotaja nguva, huenda anamtaja mnyama wa baharini anayekula majani ya sakafu ya bahari, anayepanda juu kuvuta pumzi na kunyonyesha mtoto wake. Huenda pia anamtaja yule kiumbe wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki, anayewavuta mabaharia. Msikilizaji huamua kwa muktadha, na wakati mwingine haamui kabisa. Hata sayansi haikuweza kuepuka mchanganyiko huo, kwani oda ya wanyama hawa iliitwa Sirenia, kutokana na viumbe wa hadithi za Wagiriki walioimba ili kuwaangamiza mabaharia.

Katika picha za Mutu zilizobandikwa kwa vipande vya vitu mbalimbali, na katika filamu yake fupi iitwayo Nguva ya mwaka 2013, mwili wa mwanamke na mwili wa mnyama haviachani. Katika sanamu ya shaba ya mwaka 2017 iitwayo Water Woman, yaani "Mwanamke wa Majini", yuko nguva aliyeketi kwa utulivu, mwenye mwili wa binadamu na mkia. Aidha, katika sanamu zake nyingi Mutu ametumia udongo mwekundu wa Nairobi. Kwa mwenye kukumbuka kwamba umba na kufinyanga ni ndugu, matumizi ya udongo huo yanasema mengi.

Hapa mtazamaji haulizwi anamiliki nini, wala hahimizwi kutunza kitu kilicho nje yake. Anaonyeshwa kiumbe ambaye ana sehemu ya umbile lake. Hiyo ndiyo lugha ya maumbile, na ni tofauti na ya Denes, Beuys na Eliasson. Pengine kuna atakayesema kwamba nguva wa Mutu ni ndoto tu, na kwamba ndoto haiokoi mnyama yeyote. Ni kweli kwamba sanamu haikati nyavu. Lakini mtu hupigania kwa bidii zaidi kile anachokihesabu kuwa cha ukoo wake, na hadithi za pwani zilikwisha kumhesabu nguva hivyo kabla ya sanaa ya kisasa.

Sasa mnyama mwenyewe yumo mashakani. Mwezi Desemba 2022 nguva wa Afrika ya Mashariki waliorodheshwa rasmi kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na waliokomaa walikadiriwa kuwa chini ya 250. Wengi wa waliosalia wako katika visiwa vya Bazaruto nchini Msumbiji. Kwa upande wa pwani ya Waswahili wamebaki wachache mno, wakionekana kwa nadra katika maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na upande wa Lamu. Nguva jike hupata mtoto mmoja baada ya miaka mitatu au zaidi, hivyo kila mmoja anayenaswa katika jarife na kufa kwa kukosa pumzi ni pengo lisilozibika upesi.

Hapo ndipo suala la sanaa linapogeuka kuwa suala la lugha. Neno nguva limesimama kwa miguu miwili, mmoja baharini na mmoja katika hadithi. Mnyama akitoweka, neno halitatoweka; litabaki katika kamusi na katika majina ya maonyesho, lakini litakuwa jina la kitu ambacho hakuna mzungumzaji aliyekiona. Nguva wa hadithi naye atapungukiwa, kwa kuwa nguvu yake ilitokana na uwezekano wa kumwona alfajiri, mgongo ukichomoza majini, usijue ni yupi kati ya wale wawili.

6.0 Hitimisho

Mhadhara umejaribu kuonyesha kwamba maneno maliasili, mazingira na maumbile yanaweza kutumika kama vipimo vya uhakiki. Mbele ya kazi ya sanaa inayohusu ardhi, maji au wanyama, mhakiki wa Kiswahili aweza kuuliza kwanza ni nani anayemiliki na kwa kipimo gani. Pili, ni nani aliyewekwa katikati na ni nani aliyesukumwa pembezoni. Na tatu, kama binadamu ameonyeshwa akiwa kiumbe miongoni mwa viumbe. Kazi moja yaweza kujibu maswali yote, ingawa kwa kawaida swali moja huwa na uzito zaidi.

Maonyesho mengi yaliyotajwa yalifanyika mbali na wasemaji wa Kiswahili, na mengi yaliandikiwa uhakiki kwa lugha nyingine. Hiyo si sababu ya kuyaachia. Hata hivyo, kazi iliyo mkononi mwa wanafunzi wa lugha iko karibu zaidi. Wavuvi wazee wa Kilwa, Mafia na Lamu wanayo majina ya viumbe wa baharini, ya majani wanayokula viumbe hao na ya sehemu wanazopita, pamoja na habari zinazoandamana na majina hayo. Sehemu ya hazina hiyo haimo katika kamusi yoyote. Ikusanywe sasa, wakati wazee wapo na nguva wachache wangalipo, ili atakayekuja kumchonga au kumchora nguva asilazimike kumtafuta katika maandishi peke yake.